Ramani ya Ziwa Turkana: taja tarehe ya maji kabla ya kuchora

Ukitaka kuchora ramani ya mwinuko ya Ziwa Turkana na milima inayolizunguka, usianze kwa kuuliza utumie programu gani au droni ya bei gani. Uliza kwanza: ziwa la siku gani? Ziwa hili halina mto unaotoka. Karibu asilimia 90 ya maji yake huletwa na Mto Omo kutoka Ethiopia, Turkwel na Kerio huongeza kidogo, na yote huishia hewani, kwani jua na upepo hukausha zaidi ya mita mbili za maji kila mwaka. Mvua ikizidi katika nyanda za juu za Ethiopia, ziwa hupanda. Ikipungua, au bwawa jipya la Omo likiwa linajazwa kama ilivyokuwa kwa Gibe III kuanzia 2015, ziwa hushuka.

Mwinuko wa uso wa maji ni kama mita 360 na kidogo juu ya usawa wa bahari. Hiyo "na kidogo" ndiyo yenye kazi yote. Upande wa magharibi, kuanzia Kalokol hadi Eliye Springs, ardhi ni tambarare. Pale ambapo mteremko ni mita moja kwa kila mita 500, maji yakipanda mita moja tu ufuo unasogea nusu kilomita. Ghuba ya Ferguson ilikauka miaka ya 1980 ikielekea mwisho, ikajaa tena baadaye, na tangu 2020 hivi maji yamepanda kiasi cha kufunika nyumba na barabara zilizokuwa nchi kavu. Upande wa kusini, kwenye lava ya Barrier, mita hiyo hiyo moja huenda isisogeze ufuo hata hatua tano. Kwa hiyo ramani mbili zilizopimwa kwa uangalifu zinaweza kupishana kilomita nzima upande mmoja na kulingana kabisa upande wa pili, na hakuna aliyekosea.

Kwa sababu hiyo, mstari wa kwanza kwenye daftari la mradi uwe na mambo matatu: usawa wa maji kwa mita na desimali moja, tarehe ya usawa huo, na geoidi (uso wa kufikirika wa usawa wa bahari ambao mwinuko hupimwa kutoka kwake) iliyotumika. Usawa wenyewe hupatikana bure. Setilaiti zinazopima urefu wa maji kwa rada zimekuwa zikipita juu ya Turkana tangu TOPEX/Poseidon mwaka 1992, zikafuatwa na Jason na Sentinel-3, na data zake zimepangwa kwa tarehe kwenye tovuti kama Hydroweb na DAHITI. Chagua tovuti moja ushikamane nayo. Kila moja ina geoidi na masahihisho yake, na ukichukua mwaka 2010 huku na mwaka 2022 kule utapata mpando wa maji ambao haujawahi kutokea.

Karatasi za Ruaraka

Karatasi za Survey of Kenya zingali na thamani kubwa, hasa kwa majina ya mahali, bikoni za upimaji na vilele. Zinapatikana ofisi zao za Ruaraka, Barabara ya Thika. Jambo ambalo wengi hawalitarajii ni kwamba sehemu kubwa ya kaskazini ilichorwa kwa skeli ya 1:100,000, si 1:50,000 waliyozoea wenye kazi za Kiambu au Machakos. Usipoteze asubuhi ukitafuta karatasi ambayo haikuchapishwa. Zile za 1:250,000 zinafaa kwa mpango wa safari na kwa picha ya jumla. Kabla ya kusoma mwinuko wowote, tazama pembeni kama kontua (mistari inayounganisha mahali penye mwinuko mmoja) ni za futi au za mita.

Skani karatasi ikiwa imelala, angalau nukta 400 kwa inchi. Picha ya simu haifai, kwani lenzi huipinda na hakuna hesabu itakayoinyoosha vizuri. Ukiiweka kwenye mahali pake katika QGIS, programu ya ramani, tumia makutano ya mistari ya gridi, kumi au zaidi, yaliyotawanyika karatasi nzima. Pembe nne peke yake hazitoshi kwa sababu karatasi hunywea na kuvimba, tena si sawa kwa pande zote. Kosa la wastani likizidi milimita 0.3 za karatasi, yaani mita 30 kwa skeli ya 1:100,000, rudia.

Na usiipachike karatasi kwa kulinganisha ufuo wake na ufuo wa picha ya setilaiti. Hili linafanywa mara nyingi kwa sababu ufuo ndio unaoonekana haraka, lakini ndio kitu pekee kwenye karatasi ile ambacho hakijakaa mahali pake tangu ichapishwe. Kagua kwa vilele, kingo za mtiririko wa lava na makutano ya korongo zenye mwamba.

Kisha kuna datamu, yaani msingi ambao majira ya nukta hupimwa kutoka kwake. Karatasi hizo ziko kwenye Arc 1960, GPS yako iko kwenye WGS84. Tofauti kati ya hizo mbili hapa Kenya ni takriban mita 300, kubwa yake ikielekea kaskazini na kusini. Ukiona kila kitu kimesogea mita 300 kwa mwelekeo uleule, usilaumu GPS wala aliyechora, weka ubadilishaji wa datamu. Namba za EPSG, zinazoutambulisha kila mfumo wa majira kwenye programu, ni 21096 na 21097 kwa Arc 1960, na 32636 na 32637 kwa WGS84.

Kwa nini namba mbili mbili? Kwa sababu longitudo 36 mashariki, inayopita ndani ya ziwa lenyewe, ndiyo mpaka wa kanda ya 36 na kanda ya 37 za UTM, gridi inayoigawa dunia katika kanda za longitudo. Lodwar na Kalokol ziko kanda ya 36, Loiyangalani iko kanda ya 37. Kipimo chepesi cha kugundua kosa ni hiki: nukta ya Kalokol ikiwa katika kanda yake, namba ya mashariki huzidi 800,000. Nukta ya Loiyangalani katika kanda yake huwa karibu 250,000. Faili moja ikiwa na namba za aina zote mbili, kuna mtu amechanganya kanda bila kujua.

Suluhisho ni kuweka kazi yote kanda ya 37. Ukienda magharibi hadi longitudo 35.5 utakuwa nje ya kanda, na urefu utanyooshwa kama mita 1.5 kwa kila kilomita. Kwa ramani ya 1:250,000 hilo halionekani hata kwa kioo cha kukuzia. Kwa hesabu za eneo au ujazo wa maji, tengeneza projeksheni yako ya Transverse Mercator yenye meridiani ya kati 36.5, kisha unyooshaji huo husahaulika.

Mwinuko kutoka angani

Kwa milima, chanzo kizuri cha bure ni data ya mwinuko ya Copernicus GLO-30, iliyotokana na rada za TanDEM-X zilizokusanywa hasa kati ya 2011 na 2015. SRTM, data nyingine ya mwinuko ya rada, ni ya Februari 2000, ilipimwa kwa siku 11, na ubora wake wa sekunde moja ya tao ulifunguliwa kwa Afrika mwaka 2014. Hapa karibu na ikweta sekunde moja ni kama mita 31, kwenda mashariki na kwenda kaskazini vilevile. Faili zinazohitajika kwa ziwa ni sita: N02, N03 na N04 (latitudo kaskazini), kila moja kwa E035 na E036 (longitudo mashariki). Mlima Kulal uko pembeni kabisa mwa N02E036, kwa hiyo ongeza N02E037 na N03E037, la sivyo mteremko wake wa mashariki utakatika kwa kisu. Mlima Nyiru, kusini, unaingia ndani ya N02E036.

Unganisha faili kwa gdalbuildvrt, zihamishie kanda ya 37 kwa gdalwarp (zote ni amri za programu ya GDAL) ukitumia njia ya bilinear au cubic, kamwe si ile ya jirani wa karibu, ambayo huacha ngazi ndogondogo kwenye kontua. Usichanganye SRTM na Copernicus kabla ya kusawazisha geoidi, kwa sababu SRTM iko kwenye geoidi ya EGM96 na Copernicus kwenye ya EGM2008.

Geoidi hutatiza hata watu wazoefu. Kipokezi cha GPS hupima urefu juu ya elipsoidi (umbo laini la kihesabu la dunia), sio juu ya bahari. Kanuni ni H = h − N, ambapo H ni urefu juu ya bahari, h ni urefu juu ya elipsoidi na N ni kimo cha geoidi juu ya elipsoidi, na hapa Kenya N ni hasi. Maana yake ni kwamba urefu wa elipsoidi ni mdogo kuliko urefu wa kawaida. Chukua mfano wa hesabu tu: h ikiwa 355.0 na N ikiwa −8.0, basi H ni 363.0. Vipokezi vingine huonyesha h, vingine huonyesha H kwa geoidi ya zamani iliyowekwa kiwandani, na kwenye skrini zote zimeandikwa neno moja la urefu. Rekodi h ghafi, kisha fanya ubadilishaji mwenyewe ofisini.

Sasa, kuna mtego mmoja ambao ni wa Turkana hasa. Kusini mwa ziwa, nyuma ya volkano za Barrier, kuna Bonde la Suguta na Ziwa Logipi. Sakafu ya bonde hilo iko chini ya mita 300, yaani chini kabisa ya uso wa Turkana. Ukiiambia kompyuta ipake buluu kila piseli iliyo chini ya mita 363, itajaza Suguta maji, na utapata ziwa refu zaidi ambalo halipo. Lazima uchague zile piseli zinazogusana na ziwa tu. Chombo cha kujaza mashimo, ambacho wengi hukiendesha kwa mazoea kabla ya kuchora mito, ni hatari zaidi: kitaliinua bonde zima la Suguta hadi kimo cha mlango wake wa chini, na ramani itaonyesha uwanda mpana mahali penye mojawapo ya mabonde makali kabisa nchini. Usijaze mashimo kwenye data ya Bonde la Ufa bila kutazama kila shimo kubwa ni nini.

Kulal nayo ina mambo yake. Kutoka ufuo wa Loiyangalani hadi kileleni, ndani ya kilomita 25 hivi, ardhi inapanda zaidi ya mita 1,900. Mlima umepasuliwa na korongo la El Kajarta, na kwenye kuta zake rada hutazama pembeni isione chini, kwa hiyo kuna mapengo yaliyozibwa kwa kukadiria. Fungua faili ya ubora inayokuja na Copernicus uone ni piseli zipi zimezibwa, kisha kontua za hapo zichore kwa mstari wa vipande. Juu kuna msitu wa ukungu, na rada ya TanDEM-X hupima vichwa vya miti, si udongo. Mpaka wa msitu utaonekana kama ngazi ya mita kadhaa ambayo haipo ardhini. Mashariki zaidi, kwenye Jangwa la Chalbi, tatizo ni kinyume: uso ni laini mno, mawimbi ya rada hurukia mbali, na SRTM ina matundu mengi. Copernicus ni afadhali huko.

Kontua za kila mita 20 zinabebwa vizuri na data hii milimani. Kwenye tambarare watu hutamani kontua za mita 5. Ubora uliotangazwa wa Copernicus ni kosa chini ya mita 4 kwa asilimia 90 ya nukta, kwa hiyo kontua ya mita 5 kwenye mchanga ulio sawa itakuwa kelele iliyovalishwa suti. Mita 10 za kusaidia, kwa mstari wa vipande, zinatosha. Lainisha data ya mwinuko yenyewe kwa kichujio kidogo kabla ya kutoa kontua, usilainishe mistari baadaye, kwani mistari iliyolainishwa kila mmoja peke yake hukatana kwenye miteremko mikali. Ulainishaji hupunguza vilele, kwa hiyo namba za vilele zitoke kwenye upimaji au karatasi za zamani.

Ufuo, na kontua ambazo ziwa limejichorea

Kwa ufuo wa tarehe uliyoichagua, chukua picha ya setilaiti za Sentinel-2. Hupita kila baada ya siku tano, na mawingu huko ni machache. Kipimo rahisi ni kulinganisha mwanga wa kijani na wa infraredi fupi: bendi ya 3 kutoa bendi ya 11, gawanya kwa jumla yao. Kinachozidi sifuri kwa kawaida ni maji. Wanaotumia bendi ya 8 badala ya 11 hupata picha kali zaidi, mita 10 badala ya 20, lakini hushindwa mdomoni mwa Omo, ambako maji ni mazito kwa tope na huonekana kama ardhi. Ukitumia bendi ya 11, tatizo huhamia kusini: lava nyeusi na vivuli vya korongo hujifanya maji. Dawa yake ni mwinuko. Futa kila "maji" yaliyo mita kumi juu ya usawa uliochagua, kisha kagua kwa macho yale yanayobaki. Mikoko haipo huku, lakini matete ya delta yapo, na hakuna hesabu inayojua maji yanaishia wapi chini ya matete. Hapo chora kwa mkono na uandike kwamba umechora kwa mkono.

Hatua inayofuata ndiyo tunayoipenda kuliko zote, na haigharimu kitu. Boti haiwezi kupima maji ya chini ya mita moja au mbili, na data ya rada imesawazisha ziwa lote kuwa bapa. Katikati kuna ukanda usio na kipimo chochote, na upande wa magharibi ukanda huo ni mpana kuliko maeneo mengi yaliyopimwa. Lakini ziwa limepanda na kushuka mita kadhaa tangu setilaiti ya Landsat ya kwanza ilipoanza kupiga picha mwaka 1972, na tangu 1992 usawa wa kila mwezi unajulikana. Kila ufuo wa kila picha ni kontua kamili ya mwinuko unaojulikana. Panga picha kwa usawa wa maji badala ya mwaka, chagua moja kwa kila nusu mita, toa ufuo, uupe mwinuko wake, na ukanda wote unajaa kontua bora kuliko rada yoyote.

Mambo mawili ya kuangalia. Upepo mkali wa kusini mashariki husukuma maji kuelekea kaskazini magharibi, hivyo uso wa ziwa hauko sawa kabisa siku zote. Tumia picha mbili tatu kwa kila usawa uchukue ya katikati. Na mdomoni mwa Omo, Turkwel na Kerio mchanga na tope hujenga ardhi mpya, kwa hiyo ufuo wa miaka ya 1990 na wa leo haziwezi kuwa kontua za sakafu moja. Deltani tumia picha za miaka michache ya karibuni tu.

Kuhusu kaskazini kabisa, ncha ya ziwa iko Ethiopia. Data ya setilaiti haihitaji pasipoti, boti inaihitaji.

Kupima kina

Kina kikubwa kabisa cha Turkana kiko kusini, kikizidi mita 100. Wastani ni kama mita 30. Upimaji mkubwa wa kina wa ziwa zima ulifanywa na mradi wa utafiti wa samaki kati ya 1972 na 1975, na ramani nyingi za kina unazoziona bado zinarudi huko. Ukisoma kina cha zamani, kumbuka ni kina chini ya uso wa miaka ile. Kigeuze kuwa mwinuko wa sakafu kabla ya kukilinganisha na chako.

Hesabu ya kazi ifanywe Nairobi, kabla ya kukodi chochote. Ziwa lina urefu wa kilomita 250 hivi na upana wa wastani wa 30. Mistari ya kutoka magharibi kwenda mashariki kila kilomita 5 ni mistari 50, yaani kilomita 1,500 za kupima. Kwa mwendo wa kilomita 8 kwa saa, ni karibu saa 190 za majini, bila kuhesabu kurudi bandarini wala siku za upepo. Ongeza mistari mitatu mirefu ya kaskazini kwenda kusini ya kukagua: pale inapokatana na mingine, vina viwili lazima vilingane. Visipolingana kwa zaidi ya asilimia moja au mbili ya kina, kuna kitu kimelegea.

Sonari ya kawaida ya mvuvi yenye masafa ya 200 na 50 kilohezi inafaa, mradi iweze kurekodi ghafi pamoja na GPS. Nguzo ya kushikia transdusa (kifaa cha sonari kinachotuma na kupokea sauti) mpe fundi wa kuchomelea wa Kirinyaga Road, Nairobi: bomba la chuma la inchi moja na nusu, bamba lenye matundu manne chini, na vibano viwili vya kubana ubavu wa boti ya mbao. Mwambie aongeze pete karibu na ncha ya chini, ili ufunge kamba kuelekea mbele ya boti. Bila kamba hiyo nguzo hutetemeka kwa mwendo, povu hupita chini ya transdusa na sakafu hupotea kwenye skrini. Transdusa ikae sentimita 40 chini ya maji, katikati ya urefu wa boti, mbali na mashine.

Mwendo wa sauti ndio kosa la kimyakimya. Maji ya Turkana ni ya joto, nyuzi 25 hadi 30, na yana chumvi kidogo, kama gramu 2.5 kwa lita. Sauti husafiri humo kwa mita 1,500 hivi kwa sekunde. Sonari nyingine hutoka kiwandani zikiwa zimewekewa mwendo wa maji baridi, mita 1,460 hivi kwa sekunde. Tofauti hiyo ni asilimia 2.7, na kwenye kina cha mita 100 ni zaidi ya mita mbili na nusu zilizopotea bila onyo lolote. Kila asubuhi teremsha bamba la chuma kwa mnyororo uliopimwa, mita 2, 5 na 10 chini ya transdusa, usome skrini, uandike. Kazi hii huchukua dakika 15 na ndiyo inayorukwa kwanza watu wakichoka.

Mwinuko wa sakafu basi ni usawa wa ziwa, toa kina kilichosomwa, toa kina cha transdusa. Usawa ukiwa 364.2, kina 41.3 na transdusa 0.4, sakafu iko 322.5. Simika rula ya maji ufukweni mahali penye kinga ya mawimbi na uisome asubuhi, mchana na jioni, ili ujue uso ulikuwa wapi siku hiyo.

Karibu na Kisiwa cha Kusini, ambako sakafu hushuka ghafla, boriti ya sauti yenye upana wa nyuzi 20 hufunika duara la mita 35 kwenye kina cha mita 100, na sonari huonyesha nukta iliyo karibu zaidi ndani ya duara hilo, si iliyo chini yako. Kwenye miteremko yote kina hutoka kifupi kuliko kilivyo. Kaskazini shida ni tope la Omo: 200 kilohezi hugonga juu ya uji, 50 hupenya hadi chini yake. Rekodi zote mbili, uamue ofisini ipi ni sakafu, na useme uliamua ipi. Makundi ya samaki hutoa sakafu ya uongo inayodumu sekunde chache, na huonekana mara moja ukichora kina dhidi ya muda.

Upepo hupangia kila mtu ratiba. Huvuma kwa nguvu zaidi usiku na alfajiri, na upande wa Loiyangalani huteremka kutoka Kulal kwa kasi. Si bure kwamba mitambo 365 ya umeme wa upepo ilijengwa pale Sarima. Nahodha wa pale akisema leo hatutoki, hamtoki. Mwaka 1934 watu wawili wa msafara wa utafiti wa Vivian Fuchs, Martin na Dyson, walivuka kwenda Kisiwa cha Kusini na hawakuonekana tena. Maboya ya kuvaa ni ya kila mtu, hata anayesema anajua kuogelea: kuna mamba.

Nukta za ardhini

Kutoka kituo cha kudumu cha GPS kilichoko RCMRD, kituo cha kikanda cha ramani huko Kasarani, Nairobi, hadi Loiyangalani ni zaidi ya kilomita 400. Hakuna masahihisho ya papo kwa papo ya kukufikia kutoka huko. Simika kipokezi cha masafa mawili kwenye mwamba, kirekodi kwa muda wa saa sita, kisha tuma faili kwa huduma za bure za mtandaoni zinazochakata nukta moja moja. Subiri kama wiki mbili upate njia za mwisho za setilaiti kabla ya kuamini desimali. Rekodi mchana. Baada ya jua kuzama, angahewa ya juu hapa karibu na ikweta ya sumaku hutikisika hadi karibu saa sita usiku, na mawimbi ya setilaiti hukatika. Kompyuta za mkononi huzimika kwa joto, kwa hiyo beba kivuli na daftari la karatasi.

Droni inafaa kwa vitu vidogo ambavyo piseli za mita 30 huviharibu, kama shimo la volkano la Nabiyotum kwenye ufuo wa kusini. Kibali cha KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, ni lazima, na Kisiwa cha Kati na cha Kusini pamoja na Sibiloi ni mbuga, kwa hiyo cha KWS, shirika la wanyamapori, pia. Pishanisha picha asilimia 80 mbele na 75 ubavuni. Weka mwanga kwa mkono, kwa sababu lava nyeusi huidanganya kamera na kuifanya iunguze mchanga. Kila picha iwe na nusu yake nchi kavu, kwani programu haiwezi kuunganisha picha za mawimbi matupu. Alama za ardhini ziwe za mabamba ya sentimita 60 yaliyolazwa na mawe pembe zote nne. Turubai itaruka.

Kuunganisha na kuchapisha

Vipimo vilivyo kilomita 5 mbali havistahili gridi ya mita 30. Tengeneza sakafu ya ziwa kwa gridi ya mita 500, ukiiambia programu ivute zaidi kaskazini na kusini kuliko mashariki na magharibi, kwa kuwa bonde lenyewe limelala hivyo. Bila hilo utapata vidimbwi vilivyopangwa chini ya kila mstari wa boti. Kisha ongeza kontua za ufuo, halafu nchi kavu, na mshono ukae kwenye ufuo wa chini kuliko wote. Chora pia njia za boti kwa mstari mwembamba wa kijivu. Msomaji ana haki ya kuona wapi ulipima na wapi ulikisia.

Tunashauri kuongeza kontua ya mita 460, kwa rangi tofauti. Ni karibu na kimo ambacho ziwa lilifikia nyakati za mvua nyingi, kabla ya kushuka miaka kama 5,000 iliyopita, wakati maji yake yalipofurika kaskazini magharibi kuelekea mfumo wa Nile. Matuta ya fukwe hizo bado yako ardhini, na wanaotafuta visukuku Koobi Fora watakushukuru.

Kwa skeli ya 1:250,000, kutoka Nyiru hadi delta ya Omo ni mita 1.1 za karatasi. Karatasi ya A0 ina mita 1.189, kwa hiyo inaingia kwa wima na juu na chini panabaki sentimita chache. Tumia upana uliobaki upande wa magharibi kwa maelezo: usawa wa maji na tarehe yake, datamu, geoidi, vyanzo, na mwaka wa kila chanzo. Mwombe mwenye plota achapishe kipande cha A3 kwanza, chenye Kulal na ufuo, uone kama buluu ya maji ya kina kifupi inatofautika na kivuli cha mlima. Kwenye skrini hutofautika daima. Kwenye karatasi, mara nyingi hapana, na plota nyingi za mjini zinahitaji buluu iliyopunguzwa weusi hadi sifuri.